Milima Isiyopenda Haraka

Puerto Serrano, Hispania
Mwishoni mwa Aprili

Binamu,

Tulipoagana ulinikataza nisikuletee picha za makanisa. Ulichotaka ni kujua wenzako wa huku, wale wanaojipatia riziki kwa kuwapitisha wageni milimani kwa baiskeli, wanaifanyaje kazi yao, na kama kuna la kuiba ukalijaribu Lushoto. Ukaongeza na lile lalamiko lako la siku zote: kwamba lami ikishafika vijiji vya juu biashara yako imekwisha, maana mgeni gani atalipa kupanda kwa miguu yake mahali panapofikika kwa Noah? Nimeyachunguza yote mawili. Majibu ninayo, ila itakubidi uyafuate kwa mwendo wa baiskeli, kwa sababu katika milima hii hakuna kitu kinachokaa bondeni kikakungoja.

Niko kusini kabisa mwa Hispania, jimbo la Andalusia, kwenye milima ya Grazalema, pale mkoa wa Cádiz unapopakana na mkoa wa Málaga. UNESCO iliitangaza kuwa hifadhi ya bayongahewa mwaka 1977, heshima ileile iliyopewa Usambara Mashariki mwaka 2000, na mwaka 1984 ikawa hifadhi asilia ya kwanza ya Andalusia. Ukubwa wake ni hekta 53,000 na ushee. Usije ukafikiria geti, askari na risiti. Katika hifadhi ya aina hii watu wanaishi ndani: wana miji, shule, mashamba ya mizeituni, mazizi ya mbuzi na viwanda vya jibini. Sheria inabana ujenzi, uwindaji na moto. Haimzuii mwenyeji kulala kwake. Mwenye baiskeli anaingia kwa barabara ya kawaida wala haulizwi kitu.

Nilianzia Ronda, kwa fundi anayekodisha baiskeli za safari ndefu. Mzee yule hakuanza na bei. Alikunjua ramani akanitaka nimwonyeshe kwa kidole ninakotaka kupita. Kidole kilipofika Puerto de las Palomas, upenyo ambao barabara inavukia milima kwenda Zahara, akanisimamisha. Akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akafungua friwili iliyokuwepo, akaweka nyingine yenye meno mengi zaidi, kisha akakata cheni mpya kwa urefu unaolingana nayo. Akabana spoku za gurudumu la nyuma, kwa kuwa mabegi yangu yangening'inia huko, akaizungusha rimu mbele ya jicho lake mpaka ikaacha kuyumba. Ndipo akataja bei. Baiskeli yenyewe ni ya chuma, nzito, haina cha kujivunia barabarani, lakini tangu siku ile sijaigusa kwa spana. Hilo ndilo la kwanza la kuiba: mgeni akija, muulize njia kabla hujamwonyesha baiskeli.

Ronda imekaa juu ya mwamba uliopasuliwa katikati na mto Guadalevín, na mji umegawanyika pande mbili za korongo hilo. Daraja linaloziunganisha, Puente Nuevo, lina kimo cha mita 98. Lililotangulia lilijengwa harakaharaka mwaka 1735, na mwaka 1741 likaporomoka na kuua watu wapatao 50. Waliofuata hawakutaka tena kukimbizana na kalenda: la sasa lilianza kujengwa 1751 likamalizika 1793. Nilikaa ukingoni kumenya chungwa. Mabasi mawili ya watalii kutoka pwani yakateremsha watu, watu wakapiga picha, wakapanda, wakaondoka, na chungwa bado lilikuwa mkononi.

Kuna msafiri tunayemjua aliyepita hapa zamani. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu wake, alivuka kutoka Moroko kuja Andalusia karibu na mwaka 1350. Alipofika Ronda alimkuta kadhi wa mji ni binamu yake. Fikiria: mtu amekwishafika India na China, amerudi, amevuka bahari nyingine tena, na bado anafika kwenye mji wa mlimani na kukuta ana ndugu mwenye cheo. Mimi sikuwa na wa kunipokea, nikalala kwenye nyumba ya wageni na kulipa kama kila mtu. Lawama hiyo nakuachia wewe.

Kutoka Ronda kwenda Grazalema ni kilomita 30 na kitu. Barabara inapanda na kushuka kati ya mialoni, na kando yake zinakwenda kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kwenye kona moja ya mlima lori lilinifuata nyuma. Mimi nilikuwa kwenye gia nyepesi kuliko zote, mwendo ambao mtu mwenye ndoo kichwani angenipita. Dereva hakupiga honi. Alingoja mpaka barabara ilipofunguka, akahamia upande wa pili wote, akanipita na kuinua mkono. Sheria ya Hispania inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli angalau mita moja na nusu anapompita. Mimi niliyekulia kandokando ya mabasi ya Segera, nilisimama kidogo nikashukuru Mungu. Sheria peke yake haimfanyi mtu muungwana, lakini ikisimamiwa miaka mingi inageuka mazoea, na mazoea ndiyo yanayomrudisha mgeni nyumbani akiwa mzima. Mgeni aliyerudi mzima ndiye tangazo lako.

Baada ya saa chache za kukanyaga unaanza kujiuliza watu hawa waliona nini hata wakajenga kila mji juu. Mashamba yako chini. Mito iko chini. Nafasi ya kujenga iko chini. Wao wamekwenda kubandika nyumba kwenye majabali. Jibu limo kwenye tarehe mbili. Sevilla iliangukia mikononi mwa Wakristo wa Castilla mwaka 1248. Granada ya Waislamu ilisimama mpaka Januari 1492. Kati ya tarehe hizo milima hii ilikuwa mpaka, na ndiyo maana miji mingi ya hapa ingali inabeba neno hilo katika jina lake: Arcos de la Frontera, Jerez de la Frontera. Leo wavamizi wanatoka huku, kesho wanatoka kule. Mifugo inaporwa, watu wanatekwa na kuuzwa. Mji uliodumu ni ule usiopandika. Kwa hiyo jasho langu halikuwa bahati mbaya. Waliochagua mahali hapa walikusudia achoke mtu wa namna yangu hasa, anayekuja na mzigo bila kualikwa. Mwenye gari hawezi kulijua hilo. Anayelijua ni paja.

Niliingia Grazalema mvua ikinyesha, na si ajabu. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mawingu ya Atlantiki yanapita tambarare yote ya Cádiz, na ukuta wa kwanza yanaougonga ni huu. Kwa wastani hapa panapata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya London, katika nchi ambayo watalii wanaiendea kwa ajili ya jua. Mjini kuna chemchemi ya mawe yenye nyuso za watu zilizochongwa, umri umezila, na maji yanatoka vinywani mwao usiku na mchana. Nilijaza chupa zangu kwenye mdomo wa mmoja wao huku paka akinitazama kutoka chini ya gari.

Mji huu ulitajirika kwa sufu. Kondoo walilishwa milimani, maji hayakukosekana, na mablanketi ya Grazalema yakajulikana Hispania nzima. Karne ya 19 viwanda vikubwa vya Catalonia vikaanza kufuma kwa mashine, na hapa, ambako kufikisha mashine na kushusha bidhaa ni kazi mbili ngumu, vyumba vya kufumia vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kimebaki kiwanda kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho kimeniandama safari nzima: ugumu uleule wa njia uliouokoa mji na maadui ndio uliokuja kuufukarisha.

Ila ugumu huo umehifadhi na mengine. Upande wa kaskazini wa Sierra del Pinar, mlima unaopita mita 1,600, kuna msitu wa pinsapo, mti wa jamii ya misonobari uliobaki tangu enzi ambazo Ulaya ilikuwa na baridi kuliko sasa. Duniani kote unaota wenyewe kwenye milima michache tu ya kusini mwa Hispania, na ndugu zake wa karibu wako ng'ambo, milima ya Rif ya Moroko. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Edmond Boissier, aliutambulisha kwa wanasayansi mwaka 1838; wachungaji wa hapa walikuwa wakikata mihimili yake zamani sana kabla hajazaliwa. Baiskeli hairuhusiwi humo, na waendao kwa miguu wanahitaji kibali. Majira ya joto njia hufungwa kwa hofu ya moto. Niliiacha baiskeli mjini nikapanda. Ukishika tawi la pinsapo utaona majani yake ni mafupi na magumu, yamelizunguka tawi pande zote, kiasi kwamba kidole hakipati pa kupumzika. Koni zake hazining'inii, zimesimama wima juu ya matawi. Ndani ya msitu kuna giza na ubaridi, na ukungu unapita kati ya vigogo. Unaifahamu hadithi hii, Binamu. Lile ua dogo la Usambara ambalo Wazungu wanalo kwenye vyungu madirishani, kwao halisi ni milima yetu, na limesalia kwa sababu ileile: mvua, kivuli, na mahali ambapo shoka lilichelewa kufika.

Labda utauliza maji yote hayo huenda wapi, maana mito ya juu haionekani kuwa mingi. Milima hii ni ya mawe ya chokaa, imejaa mapango. Mvua inaingia ardhini na kutokea mbali. Upande wa Montejaque, jirani na Ronda, kampuni moja ya umeme ilijenga bwawa miaka ya 1920. Ukuta ni wa zege, mrefu, mwembamba, umejengwa kwa ustadi ambao hata leo unaheshimika. Haujawahi kushika maji yakadumu. Yanajikusanya wakati wa mvua, kisha yanazama kwenye mapango na kwenda zake. Nilisimama juu ya ukuta ule: upande mmoja bonde la majani, upande wa pili bonde la majani. Karne nzima umesimama pale kuzuia hewa.

Palomas iko zaidi ya mita 1,100. Kutokea Grazalema kupanda ni kufupi, halafu barabara inaporomoka kilomita 12 hivi mpaka Zahara. Nilishuka vidole vikiwa kwenye breki, macho yakiwa kwenye kona inayofuata, na nilipofika chini sikuwa na la kusimulia isipokuwa upepo. Basi kesho yake nikaacha mabegi Zahara nikaipanda barabara ileile kurudi juu. Hapo ndipo mlima ulipojitokeza. Mbuzi-mwitu walikuwa wamesimama kwenye jabali mita chache juu ya kichwa changu, dume mwenye pembe zilizopinda akitafuna bila wasiwasi. Kwenye nyufa za mawe kulikuwa na maua ya manjano na zambarau. Chini, bwawa la Zahara, hili linaloshika maji, likibadilika rangi kila kona, mara buluu, mara kijani. Friwili ya mzee wa Ronda ilinibeba. Bila ile ningeisukuma baiskeli.

Juu kabisa nilikuta tumbusi. Usiwafikirie wale unaowaona wakigombea mzoga. Hawa walikuwa wakipita usawa wa macho yangu, na wengine chini yangu, hata nikaweza kuona mgongo wa ndege akiwa angani. Mabawa yakifunguka yanapita mita mbili na nusu toka ncha hadi ncha. Hawapigi bawa hata mara moja. Wanaegemea hewa ya moto inayopanda ukutani mwa mlima na kugeuka kwa kupinda manyoya ya mkia. Nikamkumbuka Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa karne ya 9 ambaye asili yake ni Ronda hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba alijivika manyoya na mabawa akajirusha, akaelea kitambo, lakini kutua kukamshinda akaumia mgongo, na waliomwandika walisema kosa lake ni kutojitengenezea mkia. Mtu aliyekulia chini ya ndege hawa angewezaje kutojaribu?

Zahara ni mnara mmoja juu ya mwamba na nyumba nyeupe zilizoukumbatia chini yake. Usiku wa dhoruba wa Desemba 1481, askari wa Granada wa mfalme Abu'l-Hasan Ali waliupanda mwamba huo, wakauteka mji na kuwachukua watu wake mateka. Wakristo wakajibu kwa kuiteka Alhama miezi michache baadaye, na vita vilivyofuata havikukoma mpaka Granada yenyewe ilipoanguka. Ronda ilianguka mwaka 1485. Waislamu waliobaki milimani walilazimishwa kubatizwa, wakaasi mwaka 1501, wakashindwa. Kati ya 1609 na 1614 wazao wao wakafukuzwa Hispania wote. Haya yote yalitokana na mji ambao leo mtoto anaweza kuuzunguka kwa mpira wake kabla ya chakula cha mchana. Nilipanda mpaka mnarani kwa miguu, viatu vya baiskeli vikiteleza kwenye mawe, nikaona walichokuwa wakigombea: ukisimama pale hakuna mtu anayeweza kuingia bondeni usimwone.

Nikishuka nilimkuta bibi mmoja anapaka nyumba yake chokaa. Alikuwa na ndoo na brashi iliyofungwa kwenye tete refu, kanga hana lakini kitambaa cha kichwani kimefungwa kama mama zetu wa Tanga. Anachovya, anakung'uta mara mbili ukingoni mwa ndoo, anapaka kwa kushuka, kamwe si kwa kupanda, ili michirizi isimrudie mkononi. Chokaa ikiwa mbichi haionekani; ukuta ulikuwa na rangi ya maji machafu, na ile sehemu aliyoipaka mapema, iliyokwisha kauka, ilikuwa inaumiza macho. Tabaka za miaka zimejaa hata pembe za nyumba zimekuwa butu, sawasawa na kuta za Lamu. Nikamsalimia kwa Kihispania changu cha kuokoteza. Akaniuliza ninatoka wapi, na niliposema Tanzania akauliza swali ambalo nyanya yeyote angeliuliza: nani anakupikia? Kisha akanieleza ya kwake. Mtoto mmoja yuko Jerez, mwingine Barcelona. Wanakuja Agosti. Nyumba ya kulia kwake imenunuliwa na watu wa nje, ya kushoto imefungwa.

Sehemu hii, Binamu, vipeperushi haviiandiki. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Julian Pitt-Rivers, aliishi Grazalema baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na mwaka 1954 akachapisha kitabu, *The People of the Sierra*, kilichoufanya mji huo ujulikane vyuo vikuu vya dunia, ingawa aliuficha kwa jina la kubuni. Mji aliouandika ulikuwa na watu. Miaka iliyofuata vijana walishuka kwenda pwani ya hoteli, Barcelona, Ujerumani. Villaluenga del Rosario, mji wa jibini la mbuzi, sasa hauna hata watu 500. Wanaopenda milima migumu mara nyingi ni sisi tunaopita. Aliyezaliwa juu, akaugulia juu huku hospitali iko chini, ana maoni yake mengine.

Sasa tufike kwenye kile ulichonituma. Kutoka Zahara nilivuka kwenda Olvera, mji mwingine wenye ngome juu na kanisa pembeni yake (usijali, sikupiga picha). Olvera ndiko inakoanzia Vía Verde de la Sierra. Miaka ya 1920, wakati wa utawala wa dikteta Primo de Rivera, serikali iliamua kujenga reli ya kuunganisha Jerez na Almargen kupitia huku. Wakatoboa mahandaki, wakajenga madaraja marefu, wakamaliza hata stesheni, na vyumba vya kusubiria abiria. Fedha zikaisha, vita vikaja, mataruma hayakuwekwa. Hakuna treni iliyowahi kupita. Kwa miongo mingi ikawa njia ya mbuzi. Halafu kuanzia miaka ya 1990 Hispania ikaanza mpango wa kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na miguu, na tuta hili likapata kazi: kilomita 36 mpaka hapa Puerto Serrano, mahandaki 30, madaraja marefu manne.

Nimeipita yote, na kwa baiskeli ni starehe tupu, kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima mkali, na mhandisi aliyelainisha njia kwa ajili ya injini alinilainishia mimi. Handaki refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Ukiingia, joto linabaki mlangoni. Taa ziko mbalimbali, na kati ya taa na taa unasikia tu matairi yako na matone ya maji. Unatakiwa uwe na taa yako, na ukikutana na watu unapiga kengele. Watoto wa shule niliokutana nao walipiga kengele kwa furaha ya mwangwi tu. Katikati ya njia kuna mwamba wa Zaframagón, hifadhi ya kundi kubwa la tumbusi, na jengo la stesheni hapo limegeuzwa kituo cha kuwatazama wanavyokaa kwenye viota. Stesheni nyingine zimekuwa hoteli na mikahawa. Nimekula dengu pale ambapo tiketi zilitakiwa kukatwa miaka 90 iliyopita. Anayekodisha baiskeli ana gari la kukurudisha ulikoanzia, kwa hiyo hata mzee mwenye goti bovu anateremka upande mmoja na kurudishwa kwa kiti.

Sikiliza basi jibu langu kuhusu lami. Barabara zote za milima nilizozipanda ni za lami nzuri, pamoja na ya Palomas, na waendesha baiskeli wamejaa. Bila lami ambulensi isingemfikia yule bibi wa Zahara, wala jibini la Villaluenga lisingefika sokoni. Kwa hiyo usisimame mbele ya wanakijiji ukiwaombea vumbi kwa ajili ya biashara yako. Watakucheka, na watakuwa na haki. Walichokifanya wenzako huku ni kuhakikisha kwamba njia ya haraka ikifika, ile ya polepole haifi. Tuta halikuuzwa vipandevipande, stesheni hazikubomolewa kuchukua matofali, njia za mifugo bado ziko kwenye ramani na zina alama. Gari lina njia yake, baiskeli ina yake, na mgeni analipa kwa ajili ya ile ya pili kwa sababu ya kwanza imemfikisha.

Na sisi tunazo njia kama hizo. Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walijenga reli ndogo ya kubebea mbao kutoka Tengeni, huko Muheza, kupanda Sigi, chini ya Amani. Vyuma viling'olewa zamani, lakini udongo uliokatwa mlimani haung'oki. Najua Muheza si Lushoto, na najua utasema nakupa kazi ya kutembea. Ndiyo. Nenda mvua za masika zikiisha, tafuta wazee wa Sigi na Kisiwani wanaojua treni ilipita wapi, tembea nao, uandike penye daraja lililobaki na penye shamba la mtu. Mwenye shamba mwulize kwanza, na akitaka chake kwenye biashara mpe. Usinunue baiskeli hata moja mpaka uwe umelitembea tuta lote.

Nisalimie Shangazi na wote nyumbani.

Wako,
Binamu